Kipindi si cha anayekionyesha: barua ya wazi kuhusu kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki

Kwa Wizara zinazosimamia mawasiliano na sanaa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Bodi ya Hakimiliki, Kamati za Bunge zinazopitia sheria za mambo haya, na wenye stesheni za televisheni.

Waheshimiwa,

Mwaka 2020, katikati ya kafyu ya korona, nilipigiwa simu saa nne usiku na mama aliyeigiza bibi mkali katika tamthilia yetu. Hakuwa na muda wa salamu ndefu. "Mwanangu, naona mambo yenu yamewanyookea. Asubuhi niko hewani, usiku niko hewani. Majirani wananiita tajiri. Mbona hata kilo ya unga sijaiona?"

Stesheni zilikuwa zimekwama. Kukusanya waigizaji na wapiga picha mahali pamoja hakukuwezekana, kwa hiyo zikafungua makabati na kutoa vya zamani. Chetu nacho kikatolewa, kikarushwa mara mbili kwa siku, wiki baada ya wiki. Hatukuulizwa, hatukuarifiwa, hatukulipwa. Nikajaribu kumweleza kwamba kipindi kile si chetu. "Si chenu vipi, nawe ndiye uliyeniandikia yale maneno? Na nyumba ni ya dadangu pale Kuze, mpaka leo ukuta una matundu ya misumari yenu."

Sikuwa na jibu la maana. Nimelitafuta miaka yote hii, na nilichokipata kinawahusu nyinyi kuliko kinavyomhusu yeye. Ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Niwaeleze kwanza tulivyoingia. Tulikuwa watu watano wenye kamera mbili, moja ya kuazima. Tuliandika hadithi ya ukoo wa Mji wa Kale unaogombania nyumba ya urithi isiyo na hati (naam, nimeshaliona hilo, msinicheke). Sehemu ya kwanza tulirekodi kwa fedha zetu, tukaipeleka Nairobi kwa basi la usiku. Stesheni moja, sitaitaja, ikaipenda na kuagiza sehemu 26. Tulichopewa kilikuwa LPO, hati ya kuagiza bidhaa, karatasi ile ile ambayo shule huandika ikinunua chaki. Bidhaa: tamthilia. Idadi: 26. Malipo: siku 90 baada ya kukabidhi, ambazo zilikuja kuwa karibu mwaka mzima, lakini hiyo ni barua nyingine. Neno hakimiliki halikuwamo popote. Tulifurahi kutoliona. Tulidhani kisichoandikwa hakijauzwa.

Miaka mitatu baadaye akaja mnunuzi kutoka nje, mwenye jukwaa la kuonyesha tamthilia za Kiafrika kwenye intaneti. Alizitaka sehemu zote 26. Bei yake isingemtajirisha mtu, lakini ingetosha kurekodi msimu wa pili bila kumpigia mtu magoti. Akaomba kitu kimoja tu: karatasi zinazoonyesha mwenye mali. Wakili tuliyemwendea aliisoma ile LPO kwa dakika moja, akafungua Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na kutuonyesha kifungu cha 31. Kisha akatutoza bei ya kirafiki kwa habari mbaya.

Nyinyi mnakijua kifungu hicho. Wasomaji wengine huenda hawakijui. Kinaanza vizuri: hakimiliki ni ya mtunzi. Halafu kinageuka. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kwamba imehamia kwa aliyeagiza, ila kama pana makubaliano ya kuizuia au kuipunguza. Ukinyamaza, umetoa. Sasa geuzeni kurasa mfike kifungu cha 33. Hapo sheria hiyo hiyo inasema kumhamishia mtu hakimiliki hakuna nguvu mpaka kuwe kwa maandishi na kutiwe sahihi na anayehamisha. Kwa hiyo nikitaka kukuuzia kipindi nilichokitengeneza kwa gharama yangu, lazima niandike na nitie sahihi. Lakini ukiniagiza kwa karatasi ya chaki, kipindi kinakwenda chenyewe, kimya kimya, kama paka anayehama nyumba. Na kikienda hakirudi upesi: hakimiliki ya kazi ya picha na sauti hudumu miaka 50. Yule mama wa Kuze sasa ana miaka 68.

Tuliiomba stesheni mambo mawili: ituuzie kipindi, au ikiuze yenyewe kwa yule mgeni na kutugawia chochote. Haikukataa. Haikujibu. Mnunuzi akasubiri miezi minne, akaenda kununua kwingine.

Najua kuna atakayesema kwamba ndivyo dunia ilivyo, stesheni huonyesha vipindi vyake. Watazamaji wengi nao hudhani hivyo, na hawana kosa, maana nembo iliyo pembeni ya kioo ni ya stesheni. Ila nembo ile ni kama jina la basi lililoandikwa ubavuni. Haikuambii mizigo iliyo juu ya keria ni ya nani.

Chukueni zile tamthilia za Mexico zilizotulea. Bibi zetu walizilia machozi kana kwamba zilirekodiwa Kisauni, lakini hakuna stesheni ya Nairobi iliyowahi kudai ni zake. Zililetwa kwa leseni: unaruhusiwa kuzionyesha mara kadhaa, kwa muda fulani, katika nchi fulani. Muda ukiisha, zinabaki mali ya kampuni kama Televisa, ambayo imekwisha kuziuza kwingine kwingi, na itaziuza tena. Za Waturuki, zinazotafsiriwa sauti kwa Kiswahili siku hizi, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo stesheni zetu zinajua fika kukodi. Zina mawakili wa kuandika leseni, zina fomu, zina utaratibu. Anapokuja mtu wa mbali mezani, huwekewa leseni. Anapokuja mtu wa Mombasa, huwekewa LPO.

Harusi zote za mtaani kwetu hukodi turubai na viti. Mwenye harusi hulipa bei yote inayotakiwa, na usiku ule viti ni vyake: avipange atakavyo, amkalishe amtakaye. Asubuhi mkokoteni unakuja kuvichukua. Sijawahi kumsikia bwana harusi akisema kwa kuwa alilipa, viti ni vyake miaka 50.

Wenzetu walifikaje pengine? Marekani ndiko tunakodhani stesheni zina nguvu kupita zote, na historia yao inafundisha zaidi kuliko tunavyoisimulia.

Mwaka 1951 CBS, moja ya stesheni kubwa za huko, waliitaka komedi ya Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, *I Love Lucy*. Siku hizo vipindi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Upande wa pili wa nchi walipata nakala iliyopigwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, picha hafifu kama ya ndoto. Wanandoa hao hawakutaka kuhama Los Angeles. Walitaka kurekodi kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu, mbele ya hadhira. Gharama ilipanda. Ili kuifidia wakakubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki katika malipo yao, kwa sharti moja: zile filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wakubwa wa stesheni walikubali. Enzi hizo nani alijali filamu ya kipindi kilichokwisha kuonyeshwa? Marudio yalikuwa bado hayajawa biashara. Yalipokuwa biashara, CBS ndio waliorudi kuzinunua filamu hizo kwa mamilioni ya dola, na mwaka 1957 Desilu wakanunua studio nzima za RKO. Kutoka humo baadaye kikatoka *Star Trek*, kilichoonyeshwa na NBC ambao hawakuwa wenye mali.

Nimewaleteeni kisa hicho kirefu kwa sababu ya lile sharti moja. Lucille na Desi walikuwa na jina la kusimamia mezani. Watengenezaji wengi hawakuwa nalo, kwa hiyo stesheni tatu kubwa, ABC, CBS na NBC, zikazoea kudai sehemu ya umiliki na sehemu ya faida ya marudio kama bei ya kumpa mtu saa ya kuonekana. Serikali yao ilichukua hatua. Mwaka 1970 tume yao ya mawasiliano, FCC, ilitunga kanuni za kuzizuia stesheni hizo kumiliki faida ya vipindi vilivyotengenezwa na wengine, na kuziondoa katika biashara ya kuuza marudio. CBS ilikuwa na idara ya kuuza marudio. Ikalazimika kuitenga, na mwaka 1971 ikawa kampuni mbali iitwayo Viacom. (Mwaka 1999 Viacom ilitangaza kuinunua CBS. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani alirudi akiwa na pesa ya kumnunua mama.)

Chini ya kanuni hizo ulistawi mtindo ambao ndio jibu la swali la kwa nini kipindi huonekana kwa asiyekimiliki. Kila upande hubeba hatari yake. Stesheni ina saa ya usiku, mnara, na watu wa kuuza matangazo. Mtengenezaji ana hadithi na waigizaji. Stesheni hulipa ada ya kuonyesha, mara nyingi pungufu ya gharama halisi. Pengo hulibeba mtengenezaji akitumaini kwamba kipindi kitafika kama sehemu 100, idadi inayotosha kukiuza kwa stesheni ndogo ndogo wakionyeshe kila siku. Vingi havifiki, na hasara ni yake. Kikifika, faida ni yake pia. Wengi walifilisika njiani, sitaki kuwapamba, lakini waliofaulu walijenga kampuni zilizosimama bila stesheni: Carsey-Werner, waliowatengenezea NBC *The Cosby Show* mwaka 1984, wakawatengenezea ABC *Roseanne*.

*Friends* ni mfano ambao vijana wanaujua. NBC waliionyesha kwa miaka 10, sehemu 236, mpaka 2004. Mwenyewe alikuwa studio ya Warner Bros. Kwa hiyo iliporipotiwa kwamba Netflix walilipa kiasi cha dola milioni 100 ili waendelee kuwa nayo kwa mwaka 2019 peke yake, NBC hawakuwa na neno, na Warner walipoitaka kwa ajili ya jukwaa lao wenyewe, waliichukua. *Brooklyn Nine-Nine* nayo ilikuwa Fox misimu mitano. Tarehe 10 Mei 2018 Fox wakaikata; siku iliyofuata NBC wakaichukua, ikaendelea mpaka 2021. Iliwezekana kwa usiku mmoja kwa sababu kipindi hakikuwa cha Fox. Kilitengenezwa na Universal, ndugu wa NBC. Kwetu kipindi kikikatwa huzikwa na stesheni iliyokikata, na ufunguo wa kaburi unabaki ofisini kwake.

Kanuni za 1970 zilifutwa kuanzia 1993. Nasema hili kabla hamjaniambia. Hoja ya kuzifuta ilikuwa kwamba stesheni hazikuwa tatu tena na ushindani ungelinda kila mtu. Disney wakainunua ABC, Viacom wakaichukua CBS, NBC wakaungana na Universal mwaka 2004, na watengenezaji wadogo wasio na ukoo wakapungua. Anayetaka kuniambia soko litajirekebisha lenyewe aanze na kunieleza hayo.

Uingereza wana sababu ya kuwa karibu nasi zaidi, kwani sheria zetu za hakimiliki zina damu yao. Mwaka 1982 walianzisha Channel 4, stesheni isiyotengeneza vipindi vyake: kazi yake ilikuwa kuagiza kwa wengine. Sheria yao ya utangazaji ya 1990 ikazilazimisha stesheni kubwa kuchukua asilimia 25 ya vipindi kwa watengenezaji huru. Lakini kwa zaidi ya miaka 10 asilimia hizo hazikuwatajirisha watengenezaji wengi, kwa sababu stesheni ziliagiza na kubaki na karibu kila haki. Tatizo halikuwa saa za hewani, lilikuwa mali. Hapo ndipo sheria ya mawasiliano ya 2003 ilipozitaka stesheni za umma ziwe na kanuni za kuagiza vipindi, chini ya uangalizi wa Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano, na kuanzia 2004 mtengenezaji akawa anabaki na mali yake, stesheni ikichukua leseni ya muda na matumizi yaliyotajwa. Hawakuchapisha pesa, hawakuanzisha mfuko wala semina. Walibadilisha anayehesabiwa kuwa mwenyewe pale ambapo watu hawakupatana vinginevyo, na biashara yao ya kuuza vipindi nje ikapanda.

Matokeo yake hayakuwapendeza wote. Shindano la kuoka keki, *The Great British Bake Off*, lilianza BBC mwaka 2010 na likawa kipenzi cha nchi nzima. Mwaka 2016 mwenyewe, kampuni ya Love Productions, alikosana na BBC kuhusu bei, akahamia Channel 4 kwa kitita kilichoripotiwa kuwa pauni milioni 75 kwa miaka mitatu. Hema la mashindano lilihama, jina likahama, jaji mmoja akahama. Jaji wa pili na watangazaji wawili wakakataa kulifuata. Watu walinung'unika wiki nzima kana kwamba wameibiwa ufalme. Lakini hakuna aliyesema BBC walinde kitu ambacho si chao.

Linganisheni na yaliyotokea jirani. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kukumbushwa Ze Comedy, kipindi cha vichekesho cha stesheni ya EATV, akina Joti, Masanja, Mpoki na wenzao. Walipoondoka kwenda TBC1, vichekesho vilikwenda nao na nyuso zilikwenda nazo, ila jina halikwenda. Kukawa na mvutano, na nchi ikajifunza kutamka jina jipya, Orijino Komedi. Wao walikuwa na bahati: mali yao kubwa ilikuwa miili yao na vichwa vyao, na hakuna LPO inayoweza kumzuia Joti kuwa Joti. Tamthilia haina bahati hiyo. Mhusika, hadithi na picha vikishakuwa vya mwingine, mwandishi anabaki na nini cha kuondoka nacho?

Na hapa Kenya tunao mfano mzuri, tusijidharau. *The XYZ Show*, kile cha vikaragosi kilichotokana na mchoraji Gado, kilianza Citizen mwaka 2009, kisha kikahamia kwingine na vikaragosi vyake vyote, kwa sababu kampuni ya Buni Media ndiyo iliyokuwa mwenyewe. *Shamba Shape Up*, kipindi cha kilimo cha kampuni ya Mediae, nacho kimeonekana hewani tangu 2012 bila kuwa mali ya stesheni. Tazameni hivyo viwili vinafanana wapi: vyote vimepata msaada wa wafadhili. Mtengenezaji aliyekuja na pesa ya nje mkononi alibaki na mali yake. Aliyekuja na hadithi tu hakubaki na kitu. Sidhani mlikusudia sheria ya Kenya imlinde anayefadhiliwa na kumwacha anayejitegemea, lakini hapo ndipo tulipofika.

Wenye stesheni wana hoja yao, na ninaijua kwa sauti ya yule meneja wa vipindi aliyenipokea mwishowe, mtu muungwana, akanipa chai. "Sisi tumelipa gharama yote," alisema. "Marekani studio inabeba pengo. Nyinyi mmebeba pengo gani?" Ni swali la haki. Nilimtajia sehemu ya kwanza tuliyorekodi kwa fedha zetu, kamera, miezi saba ya kuandika bila mshahara, nyumba ya Kuze tuliyopewa bure, na ile karibu mwaka tuliyosubiri malipo, ambayo kwa lugha yoyote ya benki ni mkopo tulioikopesha stesheni bila riba. Lakini tuseme ni kweli, wakati mwingine stesheni inalipa kila kitu. Basi ipate zaidi: iwe ya kwanza kuonyesha, iwe na miaka yake kadhaa ya peke yake, ipate sehemu ya mauzo ya nje, ipewe nafasi ya kwanza ya msimu mpya. Hayo yote yanaandikika. Kinachonishinda kuelewa ni stesheni kuchukua na yale isiyo na matumizi nayo. Ya kwetu haina ofisi ya kuuza vipindi nje. Haijawahi kukiuza. Inacho kama mtu aliyefungia pikipiki ya mwenzake stoo na yeye mwenyewe hajui kuendesha.

Kitu kimoja imejua kukifanya: kukiweka chote YouTube. Ninasoma maoni ya watu wa Muscat na Dubai, watu walioondoka Mombasa na Lamu zamani, wanaouliza msimu wa pili uko wapi. Mmoja aliandika kwamba huwawekea wajukuu zake ili wasikie Kiswahili cha nyumbani. Nilitaka kumjibu. Nikaona akaunti si yangu.

Halafu kuna wale wanaosema mbona Netflix wanachukua kila kitu na watu wanapanga foleni. Ni kweli wanachukua. *Squid Game* ya 2021 iliandikwa na kuongozwa na Hwang Dong-hyuk, na shirika la habari la Bloomberg liliripoti kutoka nyaraka za ndani kwamba sehemu zile tisa ziligharimu kiasi cha dola milioni 21 na kuingiza thamani ya karibu dola milioni 900. Mali ni ya Netflix. Wakorea wenyewe wamelijadili jambo hilo kwa uchungu. Lakini hata huko mtu alisaini mkataba mrefu, akijua anauza nini na kwa bei gani. Akiuza vibaya, ameuza. Sisi hatukuuza. Tulinyamaza.

Sasa ninachoomba.

Bunge likifungua tena Sheria ya Hakimiliki, na haipiti miaka mingi bila kufunguliwa, kifungu cha 31 kigeuzwe kwa kazi za picha na sauti zinazoagizwa kwa watengenezaji huru. Kunyamaza kuwe na maana ya kubaki na mali. Atakayeitaka aiombe kwa maandishi, ailipie peke yake, na bei hiyo iandikwe mbali na gharama ya kutengeneza. Mwajiriwa aliyeandika kipindi akiwa na mshahara wa stesheni hayumo katika hoja yangu. Huyo ana mwajiri, na *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani* vya KBC ni mjadala wa namna nyingine.

Mamlaka ya Mawasiliano, kanuni yenu inazitaka stesheni zitimize asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini. Mnahesabu saa. Kipindi chetu kilichorudiwa mara mbili kwa siku mwaka 2020 kilizitimizia saa hizo bila shilingi moja kurudi Mombasa. Hesabuni pia kazi mpya ni ngapi, na ngapi kati ya hizo bado ni mali ya waliozitengeneza. Swali hilo moja kwenye fomu ya kila mwaka litafanya kazi kuliko warsha 10 za hoteli. Halafu wekeni kanuni za kuagiza kama Ofcom walivyofanya: leseni ina miaka mingapi, marudio mangapi, intaneti inalipiwa vipi, na kipindi kilichokaa kabatini miaka miwili bila kuonyeshwa kirudi kwa mwenyewe. Ikiwa mnaona ni mengi, anzeni na hilo la kabati.

Bodi ya Hakimiliki, tungeomba mkataba wa mfano, kurasa tatu, kwa Kiswahili na Kiingereza, uwekwe mahali mtu anaweza kuuchukua bure. Wengi wetu hatukunyamaza kwa hiari. Hatukujua kuna la kusema.

Na nyinyi wenye stesheni, kabla sheria haijabadilika, hakuna anayewazuia kuniandikia leseni kesho. Fomu mnazo. Mnazitumia kwa Wamexico.

Nakala ya LPO imeambatishwa. Nimefuta jina la stesheni, na bei pia kwa aibu yangu mwenyewe. Wenzangu wanne wako tayari kuja Nairobi kueleza mbele ya kamati yoyote, na mama wa Kuze amesema naye atakuja. Nauli tutajilipia. Tunachohitaji ni tarehe.

Wenu katika kazi,

Mwandishi wa tamthilia,
Mombasa